Saa Tano Mpaka Saa Tisa

Alphonce alikuwa na kazi ambayo watu huikumbuka siku inapoharibika. Kwa miaka tisa alikuwa mtu wa kompyuta wa Hospitali ya Nyota ya Ziwa, hospitali ya kanisa iliyoko Bangwe kando ya ziwa, na kwa miaka yote hiyo chumba chake kilikuwa kile kile: nyuma ya stoo ya dawa, hakina dirisha, kina kiyoyozi kinachovuma mchana kutwa na kabati la chuma lenye seva. Mtandao ukiwa mzima hakuna aliyebisha hodi. Kulikuwa na siku alizoingia asubuhi akatoka jioni, na maneno aliyosema yote yakawa salamu mbili kwa mlinzi wa getini, ya kuingia na ya kutoka.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mke wake, Rahabu, alikwenda Morogoro kumsaidia binti yao aliyejifungua. Alisema atakaa miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa mwaka, binti akashika mimba nyingine, na sasa ilikuwa inakwenda miaka miwili na nusu. Hapakuwa na ugomvi. Walipigiana simu kila Jumapili, na kila Jumapili simu ilikuwa fupi kidogo kuliko ile ya wiki iliyopita, maana Alphonce akiulizwa habari alijibu "nzuri," na baada ya hapo hakuwa na la kuongeza. Alijipikia ugali wa muhogo kwenye sufuria ndogo aliyoinunua mwenyewe sokoni. Muuzaji alimwuliza kama anamnunulia mwanafunzi.

Jumatatu moja, mvua zikiwa zimeanza, umeme ulikatika alfajiri, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Alphonce alipofika kazini saa mbili kasorobo alimkuta Merina, karani wa mapokezi, amesimama mlangoni kwake.

"Fundi, kompyuta yangu inasema haioni seva."

"Izime, uiwashe."

"Nimeizima mara tatu. Na ya maabara haioni. Na ya daktari haioni. Foleni imefika kwenye ngazi."

Alphonce aliketi akaanza kutafuta. Seva yenyewe ilikuwa hai na mafaili ya wagonjwa yalikuwa salama. Kilichokufa ni huduma moja tu ndani yake, ile inayoitwa DNS. Kompyuta hazijuani kwa majina kama sisi. Zinajuana kwa namba. Karani anapobonyeza neno "Kumbukumbu" ili afungue faili la mgonjwa, kompyuta yake huuliza kwanza: huyo Kumbukumbu anakaa namba ngapi? DNS ndiyo hujibu. Kazi yake kutwa nzima ni hiyo, kuulizwa fulani yuko wapi na kuelekeza. Ikinyamaza, kila mashine inabaki nzima mahali pake, na hakuna inayoweza kuifikia nyingine.

Aliiwasha huduma ile, ikagoma. Akaiwasha tena, ikagoma. Faili la majina lilikuwa limeharibika. Umeme ulikatika likiwa katikati ya kuandikwa. Akatafuta nakala ya akiba. Aliyoipata ilikuwa ya miaka miwili nyuma, kabla nusu ya mashine za hospitali hazijabadilishwa. Nakala za karibuni alikuwa amejiahidi kuzifanya, wiki kwa wiki, na hakuzifanya. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Akaenda kwa Sista Leonia, mtawa aliyekuwa katibu wa hospitali na mkubwa wake wa kazi.

"Sista, itabidi niing'oe huduma yote, niiweke upya," alisema. "Halafu majina niyaandike moja moja. Kwa hiyo nitapita kila chumba nione kila mashine inaitwaje na namba yake ni ipi. Naomba kompyuta zote zizimwe, na mtu asiwashe mpaka nimwambie mimi mwenyewe."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Ikichelewa sana, kesho jioni."

"Na wagonjwa?"

"Karatasi, Sista. Kama zamani."

Sista Leonia alivua miwani, akayafikicha macho. "Haya. Kama zamani."

Alphonce alinakili kwanza kila alichoweza kunakili, kisha akaiondoa ile huduma na kuizima seva ili iwake upya. Ikiwa inajivuta kuamka, alichukua daftari na kalamu akatoka.

Hakuwahi kuiona hospitali ikiwa vile. Watu aliozoea kuwaona migongo, wameinamia skrini, sasa walikuwa wamesimama kwenye korido na mafaili kifuani, wanaitana kwa sauti, wanatumana, wanacheka. Vumbi la madaftari ya zamani lilikuwa linawapigisha chafya. Na kila alikoingia walimkaribisha kwa furaha, kama mgeni aliyekuwa akingojewa.

Pale mapokezi, akiwa amepiga magoti chini ya meza anasoma namba iliyobandikwa nyuma ya printa, Merina alimsimulia jinsi babu yake alivyovuka ziwa kutoka Uvira na mke mmoja, cherehani moja na jogoo. Jogoo ndiye aliyefika mzima; cherehani ilizama, mke akaugua mwezi mzima. Alphonce alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye meza. Alikuwa amembadilishia Merina kibodi mara mbili katika miaka ile, na hakuwa anajua hata kwao ni wapi.

Maabara ndiko alikokaa zaidi, maana mashine zake zilikuwa nyingi na nyingine namba zake zilijificha ndani kwa ndani. Scola, mtaalamu wa maabara, mwanamke wa sauti kubwa asiyejua kunong'ona hata mbele ya mgonjwa, alimwekea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati.

"Hivi wewe jina lako nani hasa?" alimwuliza. "Kwenye simu yangu nimekuandika Fundi. Fundi bomba naye nimemwandika Fundi. Siku moja nilikupigia wewe kuhusu choo."

"Nakumbuka," Alphonce alisema. "Nilikuja."

"Ulikuja?"

"Nilikuja, nikakiona, nikarudi."

Scola alicheka huku ameshika meza kwa mikono miwili. Alphonce akamtajia jina lake, naye akaitoa simu mfukoni na kulirekebisha pale pale.

Jioni ile alipofika nyumbani koo lilikuwa limekauka. Ilimchukua muda kuelewa sababu: alikuwa ameongea siku nzima.

Jumanne asubuhi aliwahi. Aliiweka huduma upya. Akafungua daftari jipya la majina ndani ya seva, kwa jina lile lile la zamani la mtandao wa hospitali, kisha akaielekeza seva ijiulize yenyewe badala ya kuuliza nje. Majina ya seva yakajiandika, mstari baada ya mstari. Yaliyobaki aliyaandika kwa mkono kutoka kwenye daftari lake la karatasi: printa, mashine ya kupimia damu, ya picha za eksirei, thelathini na moja kwa jumla. Alipomaliza alichukua kompyuta yake ndogo ya kufanyia majaribio akauliza: Kumbukumbu yuko wapi?

Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole. Akauliza maabara, akajibiwa. Akafungua faili la mgonjwa mmoja bila kulisoma, likafunguka, akalifunga. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika tano.

Hapo ilibaki kazi ndogo tu, ya kuinua simu na kuwaambia watu wawashe.

Hakuinua. Jana yake Scola alikuwa amemwambia: "Kesho saa saba njoo ule na sisi nyuma ya maabara. Merina analeta sombe. Hakuna mtandao, hakuna haraka, tunakula kama binadamu." Alphonce alikaa kwenye kiti chake akiusikiliza mvumo wa kiyoyozi. Aliona jinsi itakavyokuwa. Atapiga simu, watashangilia, kila mtu atarudi mbele ya skrini yake, na saa saba yeye atafungua kibakuli chake cha ugali hapa hapa, baina ya kabati la seva na ukuta. Alijiambia kwamba aliahidi jioni. Alijiambia kwamba hospitali hii iliishi kwa karatasi miaka arobaini. Saa mbili au tatu ni kitu gani?

Simu ikalia. Alikuwa Merina.

"Fundi Alphonce, vipi huko?"

"Bado," alijisikia akisema. "Labda saa tisa."

"Pole na kazi. Basi saa saba usikose, sombe imeiva."

Saa saba kasoro dakika ishirini alifunga mlango akatoka. Kwenye korido ya wagonjwa wa nje kijana mmoja mwenye mabega mapana, kandambili mguuni, alinyanyuka kwenye benchi na kumfuata.

"Shikamoo mzee. Samahani, wewe ndiye wa kompyuta?"

"Marahaba. Ndiye."

"Naitwa Feliksi, tumetoka Ilagala mimi na mama." Alinyoosha mkono kumwonyesha mwanamke mzee aliyekaa wima kwenye benchi, kitenge kichwani, mfuko wa nguo mapajani. "Mama alifanyiwa upasuaji wa shingo hapa, anakunywa vidonge kila siku. Dozi walimbadilishia mara ya mwisho. Kadi yetu imelowa kwenye boti, wino wote umeyeyuka. Daktari anasema hawezi kukisia, mpaka afungue kwenye kompyuta. Boti letu linaondoka Ujiji saa nane, mzee. Kompyuta zitarudi saa ngapi?"

Alphonce alimtazama yule mama. Mama naye alimtazama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mchana huu huu," Alphonce alisema. "Subirini kidogo."

Akaenda zake. Alidhamiria kula haraka na kurudi saa saba na nusu. Muda ungetosha, Ujiji si mbali.

Nyuma ya maabara palikuwa na baraza nyembamba iliyotazama ziwa. Walikuwa watu sita wameketi kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, kila mtu na alichokuja nacho, vimewekwa katikati. Sombe ya Merina, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilikuwa na mawese na samaki wakavu wa migebuka, na harufu yake ilitosha kumfanya mtu asahau alikotoka. Walimpa Alphonce kigoda. Walizungumza juu ya madaktari waliohama, juu ya mgonjwa aliyedai kurudishiwa damu yake baada ya kupimwa, juu ya mvua. Kisha Scola akasema, "Sasa Alphonce naye atusimulie. Mtu kimya namna hii lazima ana mambo."

Alphonce akawasimulia jinsi alivyoibeba kompyuta yake ya kwanza kwa baiskeli, kutoka Kasulu mpaka kijijini kwao, ile ya kizamani yenye skrini nene kama kasha. Njiani watu walidhani ni televisheni. Alipofika alikuta kijiji kizima kimekaa uani kinasubiri kuangalia mpira. Hakukuwa na umeme. Akawafungia skrini juu ya kinu ili angalau waione, na wazee wakakaa wakaitazama ikiwa imezimwa kwa nusu saa, wakamshukuru, wakaondoka.

Walicheka mpaka muuguzi mmoja akaja kuchungulia kuna nini. Scola alikuwa anafuta machozi. Alphonce alikuwa hajamsimulia mtu kisa kile tangu Rahabu aondoke, na alikuwa amesahau kwamba kinachekesha. Akaongezewa sombe. Mtu mwingine akaanza kisa chake.

Alipokumbuka kutazama saa, ilikuwa saa nane na dakika kumi na tano.

Alinyanyuka ghafla, kigoda kikaanguka. "Kazi," alisema. Walimwitikia kwa pole. Alikimbia mpaka chumbani, akainua simu, akaanza kupiga idara moja baada ya nyingine, na kwenye zile kompyuta zilizokuwa bado zimeshikilia namba za zamani alikwenda mwenyewe kuzisafisha. Saa tisa kamili hospitali yote ilikuwa inawaka. Pale mapokezi walimpigia makofi. Sista Leonia alitoka ofisini kwake akamshika mkono. "Umefanya kazi kubwa," alimwambia. Alphonce aliitikia huku akitazama sakafu.

Feliksi na mama yake walitoka dirisha la dawa saa tisa na nusu. Vidonge walikuwa navyo. Alphonce aliwakuta getini, Feliksi akiuliza njia ya kwenda Ujiji kwa miguu.

"Boti limeshaondoka," Feliksi alisema, bila hasira. "Lingine kesho asubuhi. Tutalala kule kule mwaloni, boti zinapotia nanga, si kitu."

"Hamna ndugu hapa?"

"Hatuna."

"Mtalala kwangu," Alphonce alisema.

Mama, ambaye jina lake lilikuwa Elida, alimshika mikono yote miwili. Alimshukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, lugha aliyoona inatosha zaidi kwa jambo lile.

Nyumba ya Alphonce ilikuwa na vyumba vitatu na alikuwa anatumia kimoja. Alishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, akaiosha vumbi. Feliksi alikwenda gengeni akarudi na dagaa wabichi, akawatengeneza mwenyewe uani kwa vidole vyepesi, na mama yake akaketi kwenye mkeka akitoa maelekezo yasiyohitajika. Ilipofika wakati wa kutandika, Alphonce hakujua mablanketi yako wapi. Akampigia Rahabu.

"Leo Jumanne," Rahabu alisema, sauti imejaa hofu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mablanketi ya wageni yako wapi?"

"Wageni? Wewe una wageni?"

"Mama mmoja na mwanawe. Wa Ilagala."

"Yako kwenye sanduku la chini, chini ya mapazia. Ni akina nani? Wamekula? Umepika nini?" Nyuma yake mtoto alikuwa analia na hakumjali. Alitaka kujua mama ana umri gani, anaumwa nini, dagaa wamekaangwa au wamechemshwa. Akaomba kuzungumza naye. Alphonce alimpa Mama Elida simu, na wanawake wawili wasiojuana wakaongea Kiha kwa robo saa nzima, wakicheka. Alipoirudisha simu sikioni, Rahabu alisema, "Umefanya vizuri sana. Nimefurahi. Nilikuwa nadhani unaishi kama jiwe."

Alphonce alifungua mdomo amwambie wageni wale wamefikaje pale. Akasema, "Haya, usiku mwema."

Jumatano asubuhi, "Mwakeye," Mama Elida alimsalimia kwa Kiha, akiwa amekwisha kufagia uwanja. Walipanda bajaji wote watatu mpaka Ujiji. Boti lilikuwa bado linapakia magunia ya unga na kreti za soda. Wakiwa wanasubiri, simu ya Feliksi ililia. Alisogea pembeni, lakini Alphonce alisikia.

"Nilikwama hospitali, bosi… Si nilituma ujumbe?… Lakini giza si limeanza jana tu?… Mpaka giza lijalo? Haya. Haya, bosi."

Alirudi akaitia simu mfukoni.

"Kuna tatizo?" Alphonce aliuliza.

"Mwenye mtumbwi. Jana ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya giza, zile siku zisizo na mbalamwezi, tulikuwa tunaingia kuvua dagaa. Sikufika, amempa mtu mwingine nafasi yangu kwa giza hili lote." Aliinua mabega. "Ndiyo kazi yetu. Hawezi kusubiri mtu."

Mama Elida alikuwa ameshapanda na kukalishwa. Alitoa kichwa nje ya turubai, akamwita Alphonce mwanangu, akamshukuru tena. Ilikuwa mara ya nne au ya tano tangu jana.

"Feliksi," Alphonce alisema. "Ile kompyuta ilikuwa imepona saa tano."

Feliksi alimtazama bila kuelewa.

"Jana. Uliponiuliza pale koridoni ilikuwa imeshapona. Ilibaki kuwaambia watu wawashe. Sikuwaambia."

"Kwa nini?"

Wapagazi walikuwa wanapita katikati yao na magunia, ikabidi Alphonce asubiri. "Nilikuwa nimealikwa chakula," alisema. "Nilijua mtandao ukirudi hawatakaa tena. Ningekula peke yangu."

Feliksi aligeuka akatazama ziwa. Alphonce akaanza kutamani apigwe.

"Nilikuambia saa nane," Feliksi alisema hatimaye. "Nilikuambia kwa mdomo wangu."

"Uliniambia."

"Na wewe ukasema subirini."

"Naweza kumpigia huyo mwenye mtumbwi. Nimweleze ni kosa langu."

"Utamweleza nini? Ulikuwa na njaa?" Aliokota mfuko wa mama yake. "Kwa nini unaniambia? Ungenyamaza, nisingejua."

"Mama yako ananishukuru kila saa. Nimeshindwa."

"Basi mama usimwambie," Feliksi alisema. "Mwache aende hivyo hivyo. Alilala vizuri." Akapanda botini bila kumpa mkono. Boti lilipoanza kurudi nyuma Mama Elida alipunga, na Alphonce akapunga, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

Kutoka Ujiji alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Sista Leonia, akasimama mbele ya meza yake, akasema yote. Mwanzoni Sista alidhani anamtania. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Wagonjwa wangapi walirudishwa jana mchana?" aliuliza.

"Sijui, Sista."

"Kumi na tisa. Nimewahesabu kwenye karatasi zenyewe. Alphonce, mimi nimeishi nyumba ya masista miaka ishirini na sita. Tunasali pamoja, tunakula pamoja, na kuna siku nazungumza na kuku bandani. Nalijua jambo unalolisema. Lakini wale kumi na tisa halikuwahusu."

"Ndiyo, Sista."

"Andika barua ya maelezo. Nitakujibu kwa barua ya onyo, itakaa kwenye faili lako. Na kuanzia leo nakala ya akiba kila jioni, uniletee karatasi niisaini."

Aliiandika barua ile asubuhi hiyo hiyo. Mchana akaenda maabara, kwa sababu hakutaka wasikie habari hiyo kwa mtu mwingine. Scola alimsikiliza amesimama, glovu mkononi.

"Kwa hiyo pale ulipokuwa unatuchekesha," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Yule bibi nilimpita pale benchi mara mbili. Nikamwambia vumilia, mama, fundi wetu anahangaika." Alivua glovu moja, akaivaa tena. "Ungetuambia imepona, tungekufukuza?"

Jibu alilokuwa nalo Alphonce jana yake saa tano lilikuwa ndiyo, na sasa, mbele ya uso wa Scola, hakuwa na hakika nalo hata kidogo. Scola alirudi kwenye darubini yake. Sampuli zilikuwa zimejaa.

Wiki mbili zilipita na mtandao haukutikisika. Kila jioni alifanya nakala na kumpelekea Sista karatasi, Sista akaisaini. Simu ya chumbani haikulia. Jumamosi moja uliingia ujumbe kutoka Ilagala, mfupi: *Mama anakusalimia. Dozi inamkubali. Mimi bado niko nchi kavu.* Alikaa nao muda mrefu kabla ya kujibu, na alichojibu kilikuwa neno moja, pole. Jumapili Rahabu alipouliza habari alianza kusema "nzuri," akajizuia, akamsimulia kila kitu, tangu umeme ulipokatika mpaka boti lilipoondoka. Rahabu hakumkatiza. Mwishoni alisema, "Hukuwahi kuniambia kama ni hivyo huko." Akasema atazungumza na binti yao kuhusu Desemba. Hakusema ni yeye atakayekuja au ni Alphonce atakayekwenda, na Alphonce hakuuliza.

Ijumaa iliyofuata, saa saba, alichukua kibakuli chake akaenda nyuma ya maabara. Hapakuwa na mtu. Sasa mtandao ulikuwa mzima na kila mtu alikula alipopata nafasi, mezani kwake, mkono mmoja kwenye kibodi. Vigoda vilikuwa vimepangwa ukutani. Alikishusha kimoja, akaketi, akaanza kula akilitazama ziwa, ambalo siku hiyo lilikuwa la kijivu na halina hata mtumbwi mmoja.

Merina alipita barazani na mafaili. Alisimama.

"Umekuja?"

"Nimekuja."

Alikitazama kile kibakuli, akamtazama yeye. "Mimi nina foleni mpaka saa nane," alisema. "Jumatatu huwa nakula saa saba na nusu. Wagonjwa wakiruhusu."

"Sawa," Alphonce alisema.

Merina akaenda zake na mafaili yake. Alphonce alimaliza kula, akakisuuza kibakuli kwenye bomba la uani, akakirudisha kile kigoda ukutani pamoja na vingine.